Kabuno: kwa nini maji yake yametulia, na hatari yake iko wapi hasa

Ukiwauliza watu wa Goma, mashariki mwa Kongo, kuhusu ghuba ya Kabuno ya ziwa Kivu, utapata majibu mawili. Mmoja atakuambia hakuna mahali pazuri kama pale kwa mtu aliyechoka na vumbi na honi za mjini: maji yamelala, hakuna hoteli, hakuna ukuta, hakuna muziki wa baa. Mwingine atakukataza kabisa usiende, maana pale pana hewa inayoua, na chini ya maji kuna gesi nyingi ya kutisha. Wote wawili wanasema kweli. Kinachokosekana ni maelezo ya kuunganisha kweli hizo mbili, na kwa kukosa maelezo hayo mtu huishia kuogopa kisichomhusu, au kuketi raha mustarehe mahali ambapo hakupaswa hata kuinama.

Mimi ni wa upande wa wanaopapenda. Ufukwe wa Goma mjini umezungushiwa kuta za hoteli na nyumba za wakubwa, na mtoto wa Ndosho au wa Majengo anaweza kukua bila kuweka mguu majini zaidi ya siku ya kuchota maji kwa bidoni. Kwa hiyo mahali ambapo mtu anaweza kufika ziwani bila kulipa mlangoni ni mali kubwa, na panastahili kuelezwa vizuri.

Ghuba iliyofungwa

Ukitoka Goma kwa barabara ya Sake unapita Mugunga, mawe meusi ya volkano kushoto na kulia, na baada ya kilomita 25 hivi unafika Sake, kwenye kona ya kaskazini-magharibi ya ziwa Kivu. Maji unayoyaona hapo si ziwa lenyewe hasa. Ni Kabuno, ghuba yenye kilomita za mraba 48 hivi, iliyoachana na ziwa kuu karibu kabisa. Imebaki imeungana nalo kwa mlango mmoja, na chini ya mlango huo kuna kizingiti. Juu ya kizingiti maji yana kina cha mita kumi hivi tu, ilhali ndani ya ghuba kina kinapita mita 100, na huko nje ziwa kuu linashuka hadi mita 485. Maji ya juu yanaingia na kutoka. Maji ya chini hayana pa kupitia.

Aliyewahi kufika pwani ya bahari ataona hapa kitu anachokifahamu. Kule Muanda, kwenye ule ukanda wa kilomita 40 hivi ambao ndio pwani yote ya Kongo, au kule Lamu na Mombasa, kuna mahori na mabwawa ya pwani ambayo mchanga au matumbawe yameyakinga na mawimbi, na nyuma yake kuna wangwa: ardhi tambarare ya tope na chumvi ambayo bahari huifunika maji yakijaa na kuiacha maji yakipwa. Kabuno nayo imekingwa. Ina kingo zenye matete, ina ndege, na ina chumvi. Ila hapa hakuna kujaa wala kupwa, na chumvi yake haikuletwa na bahari. Inapanda kutoka chini, kupitia chemchemi zinazotoka sakafuni mwa ziwa, katika nchi ileile yenye Nyiragongo na Nyamuragira.

Hizo volkano ndizo zilizolitengeneza ziwa. Zamani maji ya bonde hili yalikuwa yakielekea kaskazini, upande wa ziwa Edward. Milima ya Virunga ilipoota ikaziba njia, maji yakajaa nyuma yake mpaka yakapata pa kutokea upande wa kusini, kwa mto Ruzizi, kuelekea Tanganyika. Na kazi haijaisha. Nyamuragira ilipolipuka kuanzia 1938 hadi 1940, lava yake ilifika ziwani karibu na Sake na kumwagika majini. Ukitembea kando ya maji upande huo, unakanyaga ardhi ambayo babu yako huenda aliiona ikiwa moto.

Chumvi inavyoshikilia maji

Usitegemee kuionja. Maji ya juu ya Kivu yana chumvi kama gramu moja kwa lita, na bahari ina gramu 35. Tena si chumvi ya jikoni. Kwa sehemu kubwa ni bikaboneti za magnesiamu, sodiamu na kalsiamu. Unachoweza kuona kwa macho ni kazi yake juu ya mawe. Chutama pembeni mwa maji, tafuta jiwe la lava ambalo nusu limezama, uangalie pale maji yanapokomea: juu ni jeusi tii, na chini limevaa ukoko mweupe, mgumu, wenye vinundu. Ukipitisha kidole unakwaruza. Huo ni chokaa uliojitenga na maji na kuganda juu ya jiwe kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka.

Hiyo ni chumvi ya juu, iliyo nyepesi. Kadiri unavyoshuka, inaongezeka, na kwenye vilindi vya ziwa kuu inafika kama gramu sita kwa lita. Hapo ndipo kuna jambo la ajabu, na ndilo linaloeleza karibu kila kitu kingine. Maji ya juu ya Kivu yana joto la nyuzi 24 hivi. Ukishuka yanapoa kidogo, kama ilivyo katika maziwa mengi. Halafu, ukizidi kushuka, yanaanza kupata joto tena, mpaka yanapita nyuzi 25. Kwa kawaida maji ya moto hupanda na ya baridi hushuka, na kwa kupishana huko ziwa hujikoroga. Katika Kivu maji ya moto ya chini hayapandi, kwa sababu chumvi pamoja na kaboni dioksaidi iliyoyeyuka ndani yake imeyafanya mazito kuliko yaliyo juu yake. Yanabaki chini, tabaka juu ya tabaka, na maji ya kilindini yanaweza kukaa huko karne nyingi kabla ya kuuona mwanga.

Upepo wa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, unaweza kukoroga ziwa kuu hadi mita 60 hivi. Chini ya hapo hakuna oksijeni, na hakuna samaki. Katika Kabuno mpaka huo uko juu zaidi kwa mbali: ukishuka mita kumi au kumi na mbili tu, umefika kwenye maji mazito, yenye chumvi nyingi zaidi, yasiyo na oksijeni na yaliyojaa gesi. Milima inakinga upepo, kizingiti kinazuia maji ya nje, chumvi inazuia maji ya chini kupanda. Utulivu tunaoufuata kule una sababu hizo tatu, na hizohizo ndizo zilizofungia gesi chini.

Hata ung'avu wa maji ya Kivu una asili hiyo. Majani yaliyooza, mizoga ya vijidudu, kila chenye rutuba kinazama, na kikishavuka mpaka ule hakirudi upesi. Kwa hiyo juu panabaki maji masafi, yenye chakula kidogo. Ziwa Tanganyika lina mamia ya aina za samaki. Kivu ina thelathini hivi tu. Tena katika maji ya wazi, mbali na kingo, zamani hapakuwa na samaki wa maana mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950, walipoletwa sambaza kutoka Tanganyika. Leo ndio wanaotulisha. Wavuvi wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wanatoka jua likizama, wanawasha taa, na sambaza wanapanda kuufuata mwanga. Nyimbo zao za kupigia makasia zinavuka maji mpaka nchi kavu. Asubuhi akina mama wanapima sambaza kwa kopo, na mchana unawakuta kwenye sahani ya ugali, wamekaangwa wazima na vichwa vyao.

Maji ya zamani sana

Hapa niruhusu kukaa kidogo, kwa sababu ni jambo ambalo watu wetu wengi hawalijui, na lingepaswa kufundishwa katika kila shule ya Sake na Kirotshe.

Maji ya chini ya Kabuno, pamoja na gesi na chumvi, yana chuma kingi kilichoyeyuka. Katika maji yenye oksijeni chuma hakiwezi kubaki kimeyeyuka. Kinashika kutu na kuzama. Lakini pale hakuna oksijeni. Basi kwenye mpaka wenyewe, mita kumi na kidogo chini ya mtumbwi, mahali ambapo mwanga wa jua bado unapenya kwa shida na chuma kinapanda kutoka chini, wanaishi bakteria wanaotumia mwanga kama mimea, ila badala ya kutumia maji na kutoa oksijeni, wanatumia chuma na kutoa kutu. Wanasayansi walichapisha uchunguzi wao juu ya bakteria hao mwaka 2015, na ukawavutia wengi duniani. Sababu ni kwamba bahari zote za dunia, zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita, kabla hewa haijapata oksijeni, zilikuwa na hali ya namna hiyo: chuma tele, oksijeni hakuna. Wengi wanaamini kwamba viumbe vya aina hii ndivyo vilivyosaidia kutengeneza yale matabaka makubwa ya mawe ya chuma ambayo leo yanachimbwa Australia na Brazil. Mahali ambapo jambo hilo linaweza kuangaliwa likitendeka leo ni pachache sana duniani. Pamojawapo ni Kabuno, upande wa pili wa shamba la maharage la mtu.

Gesi iliyo ndani ya maji

Ziwa Kivu lote linakadiriwa kubeba kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksaidi na 60 za methani. Kaboni dioksaidi inatoka zaidi kwenye matumbo ya volkano. Methani inatengenezwa na vijidudu, kwa mabaki ya viumbe na kwa kaboni dioksaidi ileile. Vyote viwili vimeyeyuka, havionekani, na vinashikiliwa na uzito wa maji yaliyo juu yake. Chupa ya Fanta iliyofungwa haioneshi povu. Ukiifungua, uzito uliokuwa unaikandamiza gesi unaondoka, na gesi inatoka. Maji ya chini yakisukumwa juu kwa nguvu ya kutosha, yatafanya hivyohivyo, na kila povu linalopanda litavuta maji mengine nyuma yake.

Jambo hilo lilishatokea Kamerun. Tarehe 21 mwezi wa nane 1986, usiku, ziwa Nyos lilitapika kaboni dioksaidi, ikateremka mabondeni na kuua watu wapatao 1,700 pamoja na ng'ombe wao. Miaka miwili nyuma ziwa Monoun, nchini humohumo, lilikuwa limeua watu 37. Nyos ni ziwa dogo. Kivu ni kubwa mno kulinganisha, na watu wanaoishi kando yake ni mamilioni. Kwa hiyo wanaoogopa hawajachanganyikiwa.

Lakini hofu inahitaji kipimo. Katika ziwa kuu gesi nyingi iko chini ya mita 260, na hata pale ilipokaribia zaidi kujaa, kwenye mita 320 hivi, imefika kama nusu ya kiasi ambacho kingeifanya itoke yenyewe. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma ikaingia ziwani mbele ya macho ya watu. Ilishuka chini ya maji mpaka karibu mita mia, na matabaka ya gesi yalikaa mahali pake. Mwaka 2021, volkano ilipolipuka tarehe 22 mwezi wa tano na siku chache baadaye tukaambiwa tuhame mji, hofu ya ziwa ndiyo iliyowasukuma wengi kuliko lava yenyewe, na safari hiyo pia ziwa halikutapika. Kwa maneno mengine: injini ya boti, jiwe la mtoto, watu mia wakioga kwa pamoja, hakuna hata kimoja cha hivyo kinachoweza kuiamsha gesi hiyo. Inahitajika nguvu ya volkano kuipasua sakafu ya ziwa, au maporomoko makubwa mno.

Kabuno ina shida yake. Maji yake ya gesi yako karibu sana na juu, na gesi yenyewe karibu yote ni kaboni dioksaidi, methani ni kidogo tu. Hilo la pili lina matokeo ambayo watu hawayafikirii. Methani ina bei. Upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt umekuwa ukivuta methani kutoka kilindini na kuigeuza umeme tangu mwisho wa 2015, megawati 26. Kaboni dioksaidi haina mnunuzi. Kwa hiyo kuiondoa gesi ya Kabuno ni kazi ya kuokoa watu tu, bila faida kwa anayeifanya, na kazi za namna hiyo hapa kwetu husubiri muda mrefu. Majaribio ya kuitoa kwa bomba yameshafanyika ghubani, kwa njia iliyotumika Nyos: bomba linashushwa, maji ya chini yanapanda ndani yake, gesi inatoka juu taratibu. Mimi naona kazi hiyo ingestahili kupewa fedha za umma kabla ya leseni yoyote ya methani, kwa sababu walioko hatarini wanaishi Sake na Kirotshe, na hawana cha kuuza.

Kwa mgeni wa siku moja, hata hivyo, gesi hii ya chini ya maji haibadilishi chochote katika mpango wa safari. Kinachobadilisha ni ile ya nchi kavu.

Mazuku

Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi. Wanaposikia kwamba Kabuno inaua, wanaangalia majini, kumbe wengi waliokufa kwa gesi katika eneo hili, kati ya Goma na Sake, walikuwa mashambani, njiani, kwenye mashimo, ndani ya nyumba zilizojengwa bondeni.

Mazuku ni kaboni dioksaidi inayotoka ardhini kupitia nyufa za mawe. Haina rangi. Haina harufu ya kukuonya. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo haipai. Inatambaa na kutafuta mahali pa chini, na ikipapata inakaa. Hewa ya kawaida ina asilimia 0.04 tu ya gesi hiyo. Ikifika asilimia 10, mtu anapoteza fahamu ndani ya dakika chache, na ikizidi zaidi anaanguka mara moja, hapati hata nafasi ya kuita. Kuna mazuku Himbi, Kyeshero, Bulengo, kando ya Ziwa la Kijani, Mugunga, na kuzunguka Sake kwenyewe. Na ni Bulengo hukohuko ambako watu waliokimbia vita walipewa mahali pa kupiga hema, familia zikalala chini, juu ya mkeka. Hilo linaniuma kila ninapolikumbuka.

Kulala chini ndiyo hatari yenyewe. Gesi inaweza kufika magotini tu. Mtu mzima aliyesimama anapumua hewa safi na anaona mahali ni salama. Mtoto wake, aliye pembeni yake, yumo ndani. Mwenyewe akiinama kufunga kamba za kiatu, naye yumo ndani. Ndiyo maana mbuzi anakufa mchungaji akiwa amesimama anamtazama, na ndiyo maana kuku na mbwa ni wa kwanza.

Saa nazo zina maana. Usiku hewa inapoa na kutulia, upepo unakoma, gesi inajaa kwenye mashimo mpaka alfajiri. Jua likipanda, ardhi inapata joto, upepo unaanza, na sehemu kubwa ya gesi inatawanyika. Shimo ambalo saa saba mchana wanawake wanapita ndani yake wakiwa na mizigo ya kuni linaweza kuwa kaburi saa kumi na moja alfajiri. Wanaoishi pale wanajua hilo kwa mapito yao ya kila siku, na mgeni hajui.

Dalili zipo ukizitafuta. Njiani, kabla ya kushuka mahali penye bonde, simama juu uangalie chini. Nilivyooneshwa mimi ni hivi: tundu pana kati ya mawe mawili ya lava, majani ya kijani kote kuzunguka, na ndani yake ardhi imefunikwa na vitu vidogo vilivyokauka. Ukitazama vizuri unaona ni mbawakawa, panzi, mjusi mmoja amelala chali, na ndege mdogo ambaye bila shaka alifuata wadudu. Hakuna nzi juu yao, kwa sababu nzi naye akishuka habaki hai. Ukiona hivyo, usishuke hata kwa picha. Watu wengine hutanguliza mshumaa au kibatari kwenye ncha ya mti mrefu, ukizimika, wanarudi. Ni njia nzuri ya kukuambia urudi, lakini si njia ya kukuruhusu uendelee, kwa sababu moto unaweza kuwaka mahali ambapo wewe tayari umeanza kuumwa kichwa na kuhema.

Mwenzako akianguka ndani ya mazuku, kila kitu moyoni mwako kitakuambia uruke umfuate. Familia nzima zimekufa hivyo, mmoja akimfuata mwingine. Baki juu. Mrushie kamba kama bado ana fahamu, au umvute kwa mti wenye ndoano, kwa tawi, kwa chochote kirefu, huku kichwa chako kikiwa juu ya ukingo. Ukimtoa, mpeleke mahali pa juu penye upepo, mpulizie pumzi kama hapumui, halafu hospitali. Aliyetolewa mapema anaweza kuzinduka haraka, na hata hivyo lazima aonwe na daktari.

Majini, na juu ya maji

Kivu haina mamba, na hilo limewapa watu ujasiri kupita kiasi. Kingo zake ni za mteremko mkali. Hatua tatu maji yako kiunoni, ya nne huoni chini. Mawe ya lava yanakata miguu kama hujavaa viatu vya kuogea. Halafu kuna vihori vidogo vilivyozungukwa na mawe, karibu na mahali penye mazuku, ambako alfajiri isiyo na upepo gesi inaweza kuteremka kutoka nchi kavu na kutambaa juu ya maji, palepale ilipo pua ya mwogeleaji. Kijana anayejua kuogelea anazama bila kupiga kelele, na kijijini watasema ziwa limemchukua. Usioge kabla jua halijapanda, wala usioge peke yako, wala usichague kihori kwa sababu tu kimefichika vizuri.

Kuhusu chombo cha kusafiria: tarehe 3 mwezi wa kumi 2024 boti lililotoka Minova, upande wa magharibi wa ziwa, lilipinduka likiwa limekaribia Kituku, bandari ya Goma, mbele ya watu waliokuwa bandarini wakisubiri ndugu zao, na makumi wakafa. Vita vilikuwa vimefunga barabara, abiria wakajazana ziwani. Chombo kikijaa kupita kiasi, shuka, hata kama umeshalipa. Jaketi la kuokolea livae mwilini kabla hamjaondoka, usilikalie.

Na vita vyenyewe lazima nivitaje, kwa sababu vimepita juu ya ardhi hii hasa. Mwezi wa kwanza 2025 mapigano yaliteremka kwa Minova, kwa Sake, na hatimaye Goma. Vilima vinavyotazama Kabuno vilikuwa mistari ya mbele. Mahali palipokaa wanajeshi panaweza kuwa na bomu ambalo halijalipuka, kwenye shamba, kwenye handaki la zamani, hata chini ya mgomba. Kwa hiyo mtu asiende kwa kuongozwa na simu. Akifika Sake au Kirotshe, apite kwanza kwa chifu wa kijiji, aulize njia gani inapitwa kila siku, na aombe mtu wa palepale amtangulie. Mtu huyo anajua yote matatu kwa wakati mmoja: wapi pana mazuku, wapi palipiganwa, wapi maji ni mafupi. Mlipe vizuri. Ramani yoyote ya Goma haina anachokijua yeye, ingawa wachunguzi wa Kituo cha Uangalizi wa Volkano cha Goma wamefanya kazi kubwa ya kupima mazuku na kuyawekea alama kila walipoweza, mara nyingi bila vifaa vya kutosha. Alama hizo zikitengenezwa kwa mbao huishia kwenye jiko la mtu. Zingejengwa kwa mawe na saruji, kwa lugha ya Kiswahili na kwa mchoro ambao hata mtoto asiyesoma ataelewa.

Ondoka Goma asubuhi jua likiwa limeshapanda, ufike saa nne. Keti juu ya kilima kidogo au mwamba ulioinuka, si kwenye kishimo chenye kivuli kizuri, na mkeka wa watoto uutandike hapohapo juu. Kama umekuja na mbwa, mfunge kamba. Usipige hema kulala. Kama ni lazima ulale, lala kwa watu, kwenye nyumba iliyojengwa mgongoni mwa kilima. Saa kumi jioni anza kufunga vitu, maana upepo ukikoma na jua likishuka nyuma ya milima ya Masisi, yale mashimo ya njiani yanaanza kujaa upya, na barabara ya kurudi inapita katikati yake.